Aina za Msamaha Katika Jumuiya Yetu: Uainishaji wa Awali

Utafiti huu ulianza na sufuria. Lilikuwa sufuria la kupikia pilau ya watu hamsini, likaazimwa na jirani kwa sherehe ya somo wa jumuiya, likarudi limesuguliwa hadi linang'aa, bila mfuniko. Mtafiti alitamka palepale kwamba amesamehe. Miaka miwili imepita, na kila Jumamosi asubuhi jirani akiongoza rozari, mtafiti bado anauona mfuniko ule. Ikabidi kuuliza kitaalamu: kilichotolewa siku ile kilikuwa msamaha wa aina gani?

Uwanja na sampuli. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, zinafaa kuliko maabara yoyote. Wanajumuiya wanajuana kwa misiba, kwa madeni na kwa mbuzi walioingia shamba la mwenzao. Sampuli ilihusisha kaya zenye ugomvi tu, yaani kaya zote.

Matokeo. Zilibainika aina nne.

*Msamaha-Lakini.* Ndio unaopatikana kwa wingi. Hutambulika kwa mlio wake: "Nimesamehe, lakini..." Neno la kwanza hutamkwa upesi kama mtu anayelipa nauli ya daladala, yanayofuata huchukua alasiri nzima. Wanasarufi huita "lakini" kiunganishi. Uwandani ni kufuli.

*Msamaha wa Kwaresima.* Ni wa msimu. Huchipua Jumatano ya Majivu, hustawi kwenye foleni ya kitubio, hunyauka Jumatatu ya Pasaka kabla hata pilau haijaisha. Tunamweleza padre tulivyomkosea jirani, tunatoka wepesi, na jirani mwenyewe, aliyekaa benchi la pili, hajaambiwa neno. Mathayo 5 inaagiza sadaka iachwe mbele ya altare hadi mtu akapatane kwanza na ndugu yake. Mtafiti hajawahi kumwona mtu akitoka kwenye mstari wa sadaka kwa sababu hiyo. Kwa sababu ya simu, amewaona wengi.

*Msamaha wa Mkono Mrefu.* Huonekana wakati wa kutakiana amani. Mhusika humpa mkono wa mbele yake na wa nyuma yake, kisha huvuka njia ya katikati kumfuata mgeni asiyemjua kabisa, ilimradi asigeuke upande ule mmoja. Hakuna aina inayotumia nguvu nyingi kama hii.

*Msamaha wa Tangazo.* Hutolewa bila kuombwa. Mtafiti aliujaribu, akamwambia jirani kwamba ameshamsamehe. Jirani akashangaa: "Umenisamehe nini tena, jirani?" Ikabidi kesi ifunguliwe upya ili msamaha upate pa kukaa.

Uchambuzi. Aina zote nne zina kiungo kimoja: daftari, kama lile la dukani. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, walijua mambo haya. Petro naye alikuwa na daftari lake. Katika Mathayo 18 aliuliza kama kusamehe mara saba kunatosha, akidhani amekuwa mkarimu. Akajibiwa saba mara sabini. Hapo mtafiti alichukua kikokotoo: 490. Kwa kuwa Luka 17 inamtaja mkosaji anayerudi mara saba kwa siku moja, akiba hiyo ingeisha siku ya 70. Jirani amekosa mara moja, zimebaki 489.

Kikokotoo hakikudumu. Baadhi ya tafsiri husoma 77, na wafafanuzi hukumbusha kwamba Lameki, katika Mwanzo 4, alijisifu kulipiza kisasi mara 77. Jibu alilopewa Petro ni majivuno ya Lameki yaliyopinduliwa. Kisha ukafuata mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kutwa. Deni lile lingelipwa kwa zaidi ya miaka 160,000 bila kupumzika hata Sabato. Mtumwa huyo akatoka nje akamkaba mwenzake koo kwa dinari 100. Mtafiti aliposoma hapo alifunga Biblia kwa muda.

Matumaini. Hapa uainishaji ulianza kuyumba. Matarajio husoma rekodi: mfuniko mmoja, haujarudi, basi usitarajie kitu. Matumaini hayasomi rekodi. Waebrania 6 inayafananisha na nanga, na mabaharia wanajua kwamba nanga ikiwa bado inaonekana, haijaanza kazi. Anayesamehe bila matumaini amefunga daftari, ila amelihifadhi. Deni amelifuta, mdeni amemwacha palepale. Jubilei ya Walawi 25 haikuishia kutangaza: mwaka wa hamsini ardhi ilirudi kwa wenyewe, na waliojiuza utumwani wakarudi kwao. Ilimpa mtu mahali pa kuanzia tena. Pengine ndiyo maana Papa Fransisko aliiweka Jubilei ya 2025 chini ya neno matumaini.

Mipaka ya utafiti. Yapo majeraha yasiyolingana na mfuniko. Utafiti huu hauna kipimo chake, na anayeyabeba asiharakishwe na mtu mwenye sufuria.

Nyongeza. Ripoti ikiwa karibu kukamilika, hodi ilisikika. Alikuwa jirani. Mwanawe anapokea Komunyo ya kwanza Jumapili, wageni ni wengi, na je, lile sufuria lipo? Mtafiti alipitia aina zote nne, akakosa pa kuliweka tukio hili. Akaingia jikoni, akalitoa.

Kama huo ulikuwa msamaha, au matumaini, au ni kwamba tu safari hii hapakuwa na mfuniko wa kupotea, utafiti zaidi unahitajika.