Kifaa Chenye Masikio Mengi

Kigundua metali, yaani kifaa kinachopeleka uga wa sumaku ardhini kupitia koili yake na kusikiliza jibu la metali iliyofukiwa, kina kitufe cha usikivu ambacho mtafuta mali hukizungusha mpaka mwisho, akiamini kwamba asikiaye zaidi ndiye apataye zaidi. Kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, huko Nchelenge, Zambia, imani hiyo huadhibiwa papo hapo, kwa kuwa udongo mwekundu wenye oksidi nyingi za chuma hukiliza kifaa kila hatua, na kila kilio huchimbwa kwa heshima zote mpaka kiibuke kizibo cha bia au ndoana ya mvuvi iliyoliwa na kutu. Dawa yake ni kusawazisha ardhi, yaani kuinua na kushusha koili juu ya udongo mtupu mpaka kelele zitulie, kisha kupunguza usikivu; lakini ushauri wa kusikia kidogo ili kuelewa zaidi haujapata kuwa na wanunuzi wengi, hata mikutanoni. Kinachochekesha zaidi ni kwamba shaba ya mgodi wa Dikulushi, ng'ambo ya ziwa nchini Kongo, iliwahi kuvushwa ziwa hilohilo kwa pantoni kutoka Kilwa ya hukohuko Kongo hadi Nchelenge, ikapita mbele ya macho ya watu bila kuhitaji kifaa chochote kulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila aliyekwisha kuinama asisahau kutazama barabarani.