Namna ya Kuighilibu Pua Kabla ya Harusi

Sogea nikunong'oneze. Harusi ni wiki ijayo, nguo umeshashona, na pua imeanza mambo yake: chafya saba mfululizo, macho mekundu, kamasi jepesi kama maji. Huwezi kukaa kwenye picha hivyo.

1. Kama daktari alikuandikia dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ianze leo. Haifikii nguvu zake zote mpaka zipite siku kadhaa, lakini kwa pua iliyoziba huvizidi vidonge vya mzio. Elekeza ncha upande wa sikio, usiipulizie katikati ya pua ukatokwa damu.

2. Usinunue boksi. Ukiletewa Zyrtec, omba setirizini ya kawaida, miligramu 10. Dawa ni ileile. Bei inayozidi ni ya jina. Soma zile herufi ndogo chini ya jina kubwa: cetirizine. Jambo hili linaniuma, maana wanaolipia jina mara nyingi ni wale wanaohesabu nauli ya kurudi nyumbani. Mtu mzima anatosheka na kidonge kimoja kwa siku. Mjamzito, au mwenye figo dhaifu, amwulize mfamasia kwanza.

3. Piriton ni rahisi na inasaidia, ila inalaza. Utapigwa picha mdomo wazi, umesinzia katikati ya wajomba. Ukiimeza, usiendeshe gari wala bodaboda. Setirizini nayo huwalaza baadhi ya watu, kwa hiyo ijaribu mapema, usiku. Ikikulegeza, hamia loratadini.

4. Matone ya kuzibua pua hufanya kazi ndani ya dakika chache. Yaweke kwa ajili ya siku yenyewe. Ukiyazoea zaidi ya siku 3, pua inaweza kuziba upya zaidi kuliko mwanzo, nawe utakuwa mteja wa kudumu. Mwenye presha aulize kabla ya kuyagusa.

5. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, acha vidonge. Kimbilia hospitali uchomwe adrenalini, hata kama umevaa suti.

6. Usiku wa kuamkia harusi, oga na uoshe nywele, vumbi usilale nalo mtoni. Ukumbini, chetezo cha udi kikianza kuzungushwa, hamia upande upepo unakotoka. Mashangazi watajua umekwenda kuamkia wazee.