Maswali Mawili Tu, Muda Umekwisha

Mihadhara ya sayansi kwa wananchi ina desturi zake: mgeni rasmi amtambulishe mtaalamu, mtaalamu asome slaidi ambazo kila mwenye macho anaziona, kisha mshereheshaji, huku akitazama saa, aruhusu maswali mawili, "tena kwa kifupi". Hotuba ya mgeni rasmi, bila shaka, haipunguzwi. Ajabu ni kwamba mhadhara maarufu wa namna hiyo nchini Tanzania unakumbukwa kwa swali. Katika miaka ya 1960, mwanafizikia Denis Osborne alitoka Dar es Salaam kwenda kuzungumza na wanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa. Mwanafunzi mmoja, Erasto Mpemba, akamuuliza kwa nini maji ya moto huwahi kuganda kuliko ya baridi. Wenzake wakamcheka, Osborne akaenda kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Aliyoyasema Osborne jukwaani siku ile hayatajwi sana.

Wapo watakaosema maswali ya umma hupotea njia: unaeleza sayari, unaulizwa mbolea. Kweli, lakini anayeuliza mbolea anauliza kemia. Anayeshindwa kuiona ni mtaalamu. Wengine watakumbusha kwamba jambo la Mpemba bado linabishaniwa, na kwamba watafiti waliolipima mwaka 2016 hawakuliona. Vizuri sana! Swali la mwanafunzi limewahangaisha maprofesa zaidi ya nusu karne, ilhali slaidi ya kuwashukuru wafadhili haijamhangaisha mtu hata dakika tano.