Mla Nzi na Nzi Wake Mmoja

Nyumbani kwa binti yangu, hapa Wilmington, North Carolina, kuna mgeni rasmi, na si mimi. Anakaa dirishani penye jua, ndani ya kikopo cha plastiki. Ni mmea. Wataalamu wanauita Dionaea muscipula. Mimi namwita Bwana Mkubwa.

Nilipoambiwa anakula nzi nilifurahi, maana jikoni walikuwepo wawili waliokwisha kuuzoea wali wangu. Nikavuta kiti.

Ncha ya kila jani imegawanyika pande mbili, ndani nyekundu, ukingoni utamu wa kumvutia mdudu na safu ya miiba laini. Katika kila upande kuna vinyweleo, kwa kawaida vitatu. Nzi akigusa kimoja, kimya. Akigusa tena kabla ya sekunde 20 hivi kupita, jani linafumba kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Hapo, haki ya Mungu, nilipiga makofi.

Nikadhani kazi imekwisha. Wapi! Kumbe tumbo bado halijaambiwa kitu. Mahabusu lazima apapatike, avigonge vile vinyweleo mara kadhaa zaidi, ndipo jani lizibe kabisa na kumwaga majimaji ya kumyeyusha. Nzi mwenye busara akitulia tuli, Bwana Mkubwa anaamini ameshika hewa. Baada ya siku moja hivi anafungua mlango na mtuhumiwa anakwenda zake. Mdudu mdogo sana ndiyo kabisa, anapenya kati ya miiba, wala hafuatwi.

Huyu wetu alipapatika. Mlo wa nzi mmoja ukachukua zaidi ya wiki! Jani lilipofunguka, ndani limebaki ganda kavu na mbawa zake, na hakuna wa kuondoa sahani. Nzi wa pili aliendelea na wali wangu hadi kandambili ilipomfikia, pigo moja tu. Kandambili haikupigiwa makofi na mtu.

Mjukuu wangu alipotaka kulichokoa jani kwa penseli, mama yake alipiga ukelele nikadhani nyumba inaungua. Kumbe jani moja hufumba mara chache tu katika maisha yake, kisha linachoka na kuwa jeusi. Basi apewe hata kinofu cha kuku, nikashauri. "Baba, jani litaoza!" Mbolea hataki. Maji ya bomba hataki, chumvichumvi zake zinamuua taratibu. Anakunywa ya mvua, au yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, ambayo binti yangu anayanunua kwa galoni. Mimi nakunywa ya bomba.

Na usidhani bila nzi atakufa njaa kesho. Ugali anajipikia mwenyewe kwa jua, kwa majani yaleyale. Nzi ni kitoweo tu. Udongo wa kwao ni mchanga wenye majimaji, mchachu, hauna naitrojeni wala fosforasi ya kutosha, kwa hiyo anaifuata mwilini mwa wadudu. Maua yake huyainua juu kwenye kikonyo kirefu, mbali na mitego, asije akamla anayemletea chavua. Hapo ana akili, siwezi kumnyima.

Lakini amedekezwa. Charles Darwin alimsifu kupita kiasi katika kitabu chake cha 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu. Porini haoti kwa asili popote duniani isipokuwa kipande hiki cha pwani ya North Carolina na South Carolina, na tangu 2014 kumng'oa porini bila ruhusa katika baadhi ya wilaya za hapa ni kosa zito la jinai. Kwetu Afrika Mashariki tuna jamaa zake wa kazi, Utricularia, mabwawani: vifuko vyao chini ya maji vinafyonza vidudu kwa kasi isiyoonekana kwa jicho, na hakuna anayewanunulia maji.

Juzi nimesikia jipya. Majira ya baridi lazima alale miezi kadhaa penye ubaridi, na kwa kuwa nyumba hii ina joto, binti yangu amepanga kumlaza kwenye friji. Nimeuliza rafu ipi. Ni ile ninayowekea samaki wangu.