Ngoma na Kinanda: Watano Wetu, Tukianzia Mkiani

Jumapili Kalemie, misa ikikolea, ngoma humfunika mpiga kinanda na hakuna anayemwonea huruma. Basi watunzi waliochanganya muziki wa Ulaya na wa kwetu tunawapima kwa swali moja: ngoma imeshika usukani, au imealikwa kupamba tu? Wenye hasira wapange foleni.

5. Armand Diangienda. Rubani wa zamani, mwanzilishi wa Okestra ya Simfoni ya Kimbanguiste, Kinshasa, 1994. Uzi wa fidla ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Kwa ufundi huo, nishani. Ila Beethoven amejaa kwenye ratiba yao, kwa hiyo mkia. Poleni Kinshasa, mmezoea kuwa wa kwanza.

4. Guido Haazen. Padri Mfransisko wa Ubelgiji, na Missa Luba yake ya Kamina, 1958: Kilatini juu ya midundo ya Kiluba. Pasolini akaitia kwenye sinema yake ya Injili ya Mathayo mwaka 1964. Jina kwenye santuri ni la padri, lakini sehemu kubwa waimbaji waliitunga papo hapo. Alama tumewapa wao, padri tumempa namba.

3. Joseph Kiwele. Ametunga Missa Katanga. Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, akaitungia wimbo wa taifa na kuwa waziri wa elimu. Dola hiyo ilizikwa 1963, misa haijapata habari. Nasi Kalemie tulikuwa mkoa wa Katanga hadi 2015, kwa hiyo huyu ni ndugu. Namba 3 vilevile, hapa hakuna kubebana.

2. Joseph Kyagambiddwa. Mganda aliyewatungia oratorio Mashahidi wa Uganda, 1964, mwaka ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu. Umbo ni la Ulaya, mwendo ni wa Buganda toka mwanzo. Hapa ngoma haikualikwa, ndiyo mwenye nyumba.

1. Justinian Tamusuza. Mganda tena, tuvumilieni. Kwenye Ekitundu Ekisooka, iliyorekodiwa na Kronos Quartet katika albamu Pieces of Africa ya 1992, jukwaani hakuna ngoma hata moja: fidla mbili, viola na selo. Lakini nyuzi zinakwaruza kama endingidi, fidla ya Kiganda, selo inadunda, na kiuno kinaitambua densi ya baakisimba kabla ya sikio. Ngoma haipo, na bado ndiyo inayoamuru.

Kwaya zinazoahirisha mazoezi eti ngoma iko kwa fundi, udhuru umekwisha.