Sogea Kidogo, Mwalimu

Jumamosi asubuhi samaki wa mto Ruvubu hupumzika. Ni saa za kazi za jamii kote Burundi: watu wanazibua mitaro, wanafyeka kando ya barabara, wanabeba matofali ya shule, na atakayeonekana na mwanzi wa kuvulia badala ya jembe atakuwa na maelezo marefu ya kumpa shefu wa mtaa. Kazi ikiisha kabla ya adhuhuri, majembe yanarudi nyumbani na wavuvi wa ndoana wa Gitega wanateremka mtoni kwa mpigo mmoja. Zamani kidogo wangetawanyika, kwa sababu mwenye pikipiki angekwenda mbali na asiye nayo angebaki karibu. Lakini petroli imekuwa ya kutafutwa kwa tochi miaka hii. Wote wanakwenda kwa miguu, na panapofikika kwa miguu ni pale pale darajani.

Hapo ndipo adabu inapoanza kuharibu mambo.

Mwingereza Izaak Walton alichapisha kitabu chake cha uvuvi wa ndoana mwaka 1653, akiusifu kuwa ni burudani ya mtu wa kutafakari, na wanaomfuata huko Ulaya wanashikilia hadi leo kwamba ukimkuta mtu anavua unapita mbali, unanyamaza, unatafuta maji yako. Mmoja wao aletwe Gitega aone atakavyojiaibisha. Kumwona unayemfahamu ukingoni kisha ukaenda kukaa hatua mia kutoka alipo ni kutangaza kwamba mna kesi. Atarudi nyumbani akijiuliza amekukosea nini. Mkewe atauliza pia. Kabla ya Jumapili jirani mwenye busara atakuwa ametumwa kuja kupatanisha. Kwa hiyo mtu aliyelelewa vizuri humfuata mwenzake hadi begani, akatua ndoo yake kando ya ndoo ya mwenzake, akaanza salamu.

Na salamu za Burundi si za mpita njia. Kuna za nyumbani, za watoto, za kazi, za yule mgonjwa wa juma lililopita; kwa wazee kuna ile ya asili ya kutakiana ng'ombe, "Amashyo", nayo hujibiwa "Amashongore". Mikono hupeanwa, na mkono ulioshika mwanzi hauna budi kuuachia. Huko chini wanaotafutwa ni kambale na kuyu, na wote wawili wana jambo moja ambalo wavuvi wangefanya vyema kulijua: vifupa vidogo vinaunganisha kifuko chao cha hewa na sikio la ndani, hivyo wamo katika kundi la samaki wanaosikia vizuri kuliko wengi. Wanazisikia salamu zote, mpaka habari za mgonjwa.

Anayeteseka zaidi na malezi haya mema ni karani wa serikali aliyehamia Gitega baada ya mji huo kufanywa makao makuu ya kisiasa mwanzoni mwa 2019. (Ofisi nyingi zilichelewachelewa Bujumbura, yeye, kwa bahati mbaya, alikuwa mtiifu.) Kule alizoea Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachopita mita 1,400, ambamo mtu akitaka upweke anaupata. Gitega alipewa mto, na pamoja na mto akapewa jamaa.

Mambo huenda hivi. Karani anatupa ndoana. Mwalimu mstaafu anamfikia, wanatakiana ng'ombe, mwalimu anatupa yake kwa mshazari. Anakuja kijana wa teksi ya pikipiki ambaye chombo chake kimelala kwa kukosa mafuta. Anaomba radhi kwa kuingilia, anaingilia, na kwa heshima anatupa katikati ya wawili hao ili asimpe mgongo yeyote. Mto unafanya iliyobaki. Chubwi jepesi huchukuliwa na mkondo haraka kuliko zito, kwa hiyo mishipi mitatu iliyotupwa kutoka sehemu moja lazima ipitiane. Boya la karani linazama. Maboya yote matatu yanazama. Kila mmoja anaamini amempata kambale wa mwaka, na kila mmoja anawasihi wenzake wakunje mishipi yao wampishe. Mwalimu anasema wa kwake ana nguvu za ajabu. Kijana anasema wake naye hashikiki. Wanavutana na kupongezana kwa dhati, hadi fundo linapotokeza juu ya maji.

Nailoni sharti ikatwe, na hapa ugomvi kidogo ungesaidia sana.

"Kata wangu, mwalimu."

"Nikate wako, mwanangu, na umeununua juzi? Kata wangu, huu umekwisha zeeka."

"Wazee wangu, mimi ndiye niliyewakuta. Ukatwe wangu."

Wembe unazunguka mkono hadi mkono bila kukata kitu. Juu ya daraja wameshasimama watazamaji, kila mmoja na rai yake. Hatimaye anaitwa mzee anayepita, naye ni mushingantahe. Burundi imekuwa na wazee waamuzi hawa tangu enzi za wafalme, na kama walisuluhisha mipaka ya mashamba na talaka, fundo haliwezi kuwa shauri dogo mno kwao. Mzee anasikiliza pande zote tatu, anauliza nani alifika kwanza, anauliza tena kwa njia nyingine, kisha anaamua mishipi yote mitatu ikatwe, ili asiwepo wa kumdai mwenzake shukrani. Samaki hakuna, ndoana hakuna, na kila mtu ameridhika.

Jioni utawakuta watu hao hao wamezunguka mtungi mmoja wa impeke, pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake mdomoni. Mirija minane ndani ya chungu kimoja, na hakuna uliosokotana na mwingine. Ujuzi wanao, ila hawajaufikisha mtoni.

Kusongamana kwenyewe si dhambi. Huko Alaska, Marekani, kwenye mito Kenai na Russian, samoni wekundu wanapopanda majira ya kiangazi wavuvi husimama bega kwa bega kwa mamia, na wengi wao hawajuani hata kwa jina. Wanaokolewa na kanuni ndogo: aliyenasa samaki hupaza sauti, na majirani zake hukunja mishipi yao mara moja hadi amtoe. Karani alisikia habari hiyo, akaipenda, akaipendekeza darajani, ikakubaliwa kwa kauli moja. Jumamosi iliyofuata alinasa kuyu mzuri, akapaza sauti. Wote wakakimbia kuja kumwona samaki, wakiwa wameshika mianzi yao, na mishipi ingali majini.

Yanayoudhi zaidi ni kwamba maji yenyewe yamekwisha kugawanywa, tena na watu wasiotakiana ng'ombe. Ruvubu hupokea Ruvyironza karibu na Gitega (ile ambayo chanzo chake Rutovu kilijengewa piramidi mwaka 1938, kuwa chemchemi ya kusini kabisa ya Nile), hukata kaskazini-mashariki, huungana na Kagera, na muda si mrefu hufika maporomoko ya Rusumo. Hapo kuna bwawa la umeme la megawati 80, na Burundi, Rwanda na Tanzania zimekubaliana kugawana umeme wake sawa kwa sawa. Nchi tatu zimeweza. Watu watatu kando ya daraja moja bado wanajadiliana wembe aushike nani.

Muyinga mambo ni tofauti, ingawa kufika kuna visa vyake. Barabara hupitia Karusi, milima haiishi, na waendesha baiskeli wa Burundi wana desturi ya kushika nyuma ya lori ili livute mzigo kwa niaba yao. Mvuvi aliyejifunga mwanzi mgongoni akasahau kuificha ndoana hujikuta anapanda mlima akiwa ameshikwa na turubai zaidi kuliko anavyolishika lori. Nauli hakuna, ila kituo huchaguliwa na dereva.

Hadi 2025 Muyinga ulikuwa mkoa. Sasa ni tarafa katika mkoa mpya wa Buhumuza, baada ya mikoa 18 ya nchi kupunguzwa ikawa mitano, mabadiliko ambayo hayakumsogeza samaki hata mmoja. Huku, kwenye Ruvubu na upande wa Giteranyi linakofika Ziwa Rweru, mtu hachomwi na jua kwa kutafakari. Anavua ale, na kinachobaki kiende sokoni. Mshipi mrefu wenye ndoana nyingi ukipitiwa juu na wavu wa mwingine, wote wawili wamepoteza siku na zana, na zana hununuliwa kwa fedha. Ndiyo maana salamu ni fupi na umbali ni mrefu: mkono unainuliwa kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, basi. Rweru tena ni la nchi mbili, na tangu Januari 2024 Burundi imefunga mpaka wake na Rwanda, wakati upepo unaendelea kusukuma mitumbwi na mafunjo bila kuangalia ramani. Mtu mwenye hofu ya kujikuta ng'ambo hana muda wa kuuliza habari za shangazi.

Hata pwani, wavuvi wa Pemba wamekuwa na namna yao wanapokwenda dago, kupiga kambi ya msimu kwenye fukwe za wenzao hata ng'ambo ya Kenya. Mgeni hujitambulisha kwa wazee wa mahali, hutoa ubani, ndipo ashushe ngalawa. Mwenyeji naye hapati kisingizio cha kununa. Karani wetu angeifurahia sana desturi hii, isipokuwa Gitega hakuna mgeni; wote ni jamaa.

Lakini mwalimu mkuu wa nafasi katika Ruvubu ni kiboko. Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, kubwa kuliko zote nchini kwa kilomita za mraba zipatazo 500, iliundwa mwaka 1980 na inagusa Muyinga. Viboko wake hawajui inaishia wapi. Mchana hulala majini, jioni hupanda kula majani kwa njia zile zile kila siku, na asubuhi hurudi kwa njia hizo hizo. Mvuvi aliyekaa kati ya kiboko na maji amekaa pabaya kuliko pote duniani. Wa huku wanazijua njia hizo na huziacha wazi kwa upana wa kutosha, wala hakuna aliyewahi kumkaribisha kiboko akae hapo hapo kwa sababu ni mtu wa nyumbani.

Karani naye alikwenda Muyinga siku moja, akarudi na wazo. Jumamosi moja, mwalimu alipokuwa bado juu mlimani na ndoo yake, alimpungia mkono kwa nguvu na kumwambia asiteremke, kwani alfajiri ameonekana kiboko. Mwalimu alisimama, akashukuru, akageuka. Kwa muda mfupi sana karani alikuwa na mto wote. Kisha wakaanza kufika: watoto kwanza, halafu mama wa sambusa na beseni lake, vijana wa pikipiki na simu za kupigia picha, na nyuma yao shefu wa mtaa mwenyewe, aliyetaka kujua mnyama alielekea upande gani ili aandike ripoti. Karani ni mtu mwenye adabu. Aliweka mwanzi chini, akampa mkono, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamwonyesha upande.