Jinsi ya Kumwajiri Nzi Akulishie Ng'ombe

Kwanza, kubali kwamba unadaiwa. Kila ukikata nyasi ya nepia na kuipeleka bandani, umebeba pia naitrojeni na potasiamu ya shamba. Shamba hunyamaza tu, mpaka mashina yachipue membamba, majani yageuke manjano na maziwa yapungue. Hapo ng'ombe ndiye hulaumiwa na kunyweshwa dawa ya minyoo, wakati mwenye njaa ni udongo.

Pili, tafuta kibarua. Namsifia nzi askari mweusi bila kuona haya. Ni mwembamba kama nyigu, haumi, na hana shida na sahani yako. Akishakuwa mzima hahitaji chakula; huishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea akiwa buu, na hamu yake ni kupata mwenzi na kutaga mayai kwa mamia katika ufa mkavu karibu na kitu kinachooza. Kwa hiyo tangazo la kazi ni harufu: ndoo ya maganda ya matunda yaliyochacha, ikiwekwa kivulini na vipande vya boksi lenye matundu juu yake.

Mayai yakianguliwa, lisha mabuu vizuri. Sukuma wiki iliyonyauka sokoni, maembe yaliyopondeka, makombo ya hoteli, machicha ya pombe: vyote wanakula. Samadi pia wanaila, ila polepole, basi ichanganye na maganda. Minya konzi moja ya chakula chao; maji yakitiririka, ongeza maranda ya mbao. Taka zilizochanganyika na betri au rangi zikatae kabisa, hata ukipewa bure, maana mabuu hukusanya kadimiamu mwilini na kuku wako ndio watakaowala. Baada ya wiki mbili hivi wataanza kuwa weusi, waache kula na kupanda kutafuta pakavu. Wawekee ubao wa mteremko unaoishia ndooni, wajivune wenyewe. Bakiza wachache wawe nzi.

Kinachosalia walipolishwa ndicho tulichokuwa tukikitafuta: kinyesi cha mabuu, magamba waliyojivua na mabaki ya chakula. Magamba hayo yana kitini, chakula cha vijidudu wema wa udongoni. Lakini, tafadhali, usikimbilie shambani nacho siku hiyo hiyo. Kikiwa kibichi hutoa amonia inayounguza mizizi michanga. Kirundike, kigeuze, kiwe na unyevu kidogo, hadi kipoe na kunukia udongo. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, Nairobi, waliona mboji ya namna hii hukomaa kwa wiki tano hivi, ilhali mboji ya kawaida huchukua miezi. Katika majaribio yao, mahindi yaliyopewa mbolea hii yalizaa kuliko yaliyopewa mbolea asilia ya dukani. Nepia nayo ni nyasi kama mahindi, tena ina ulafi zaidi, kwa sababu hukatwa mara nyingi kwa mwaka.

Mara tu baada ya kukata, chimba mfereji kando ya mashina, tia mbolea, fukia. Usiinyunyize juu ya majani ambayo ng'ombe atayala kesho. Kisha iache nepia ifike mita moja hivi kabla ya kurudi na panga, hata ng'ombe akilia namna gani.